Kanzidata ya SIPRI ya matumizi ya kijeshi: tathmini ya msomaji wa tanbihi

Mnamo Juni 2024, Jumuiya ya Kujihami ya NATO ilikadiria kwamba wanachama wake 23 kati ya 32 wangefikia mwaka huo lengo la kutumia asilimia 2 ya pato la taifa kwa ulinzi. Aprili 2025, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Amani ya Stockholm, inayofahamika zaidi kwa kifupi chake cha SIPRI, ilitoa hesabu zake za mwaka uleule na kukuta waliofikia lengo ni 18 tu. Hakuna aliyesema uongo. Moja ilikuwa makadirio yaliyotolewa mwaka ukiwa katikati na nyingine ilikuwa hesabu iliyofanywa mwaka ulipokwisha, tena kila upande una kanuni zake kuhusu kinachoingia katika matumizi ya kijeshi na kinachobaki nje. Kwa anayetaka kuelewa mabishano ya bajeti za ulinzi yanayozidi kupamba moto tangu mwaka 2022, kanzidata ya SIPRI ni chombo bora kuliko vyote vya bure nilivyopata kuvitumia, ilimradi asikubali kuisoma nusunusu.

SIPRI ilianzishwa mwaka 1966, baada ya Waziri Mkuu wa Sweden, Tage Erlander, kutoa mwaka 1964 wazo la kuadhimisha miaka 150 ya amani isiyokatika nchini humo kwa kuunda taasisi ya utafiti wa amani. Hadi leo sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na ruzuku ya serikali ya Sweden. (Nchi hiyohiyo ilijiunga na NATO Machi 2024, na jedwali la taasisi hiyo linaonyesha kwamba katika mwaka huo matumizi yake ya kijeshi yalipanda kwa asilimia 34 na kufika dola bilioni 12. Erlander angekuwa na la kusema.)

Kanzidata yenyewe hupakuliwa kama faili moja la Excel, bila malipo, na huhuishwa mara moja kwa mwaka, kwa kawaida mwezi Aprili. Ndani yake mna kurasa kadhaa zinazoonyesha matumizi ya kila nchi kwa sarafu yake, kwa dola za bei za mwaka husika, kwa dola zilizoondolewa athari ya mfumuko wa bei, kama sehemu ya pato la taifa, kwa kila mwananchi, na kama sehemu ya matumizi yote ya serikali. Takwimu za baadhi ya nchi zinarudi nyuma hadi mwaka 1949. Kabla ya kunakili chochote, mtumiaji azingatie rangi: tarakimu za buluu ni makadirio ya SIPRI yenyewe, na nyekundu ni zile zenye mashaka makubwa. Nukta mbili humaanisha kwamba taarifa hazikupatikana, na herufi xxx humaanisha kwamba nchi haikuwepo au ilikuwa haijapata uhuru mwaka huo. Ni mambo madogo, lakini nimeona mara nyingi makadirio ya buluu yakinukuliwa magazetini kana kwamba yamesomwa bungeni na waziri wa fedha.

Nguvu kubwa ya kanzidata hii ni kwamba haiachi neno “ulinzi” lifasiriwe na serikali inayotumia fedha. SIPRI hujumlisha majeshi, wizara za ulinzi, vikosi vya wanamgambo vyenye mafunzo na zana za kivita, pensheni za wanajeshi, utafiti wa silaha na shughuli za kijeshi za anga za juu, lakini huacha nje ulinzi wa raia na malipo ya maveterani wa vita vilivyopita. Matokeo yake yanaonekana wazi kwa China. Bajeti rasmi ya ulinzi iliyotangazwa Beijing kwa mwaka 2024 ilikuwa takriban yuani trilioni 1.67, sawa na kama dola bilioni 232, ilhali SIPRI inakadiria dola bilioni 314, kwa sababu inaongeza vitu kama polisi wenye silaha na walinzi wa pwani ambao bajeti ile haiwataji. Marekani nayo haisalimiki, kwani gharama za vichwa vya nyuklia hukaa katika Wizara ya Nishati na SIPRI huzirudisha mahali pake. Mbunge anayelinganisha bajeti mbili rasmi anaweza kuwa analinganisha maembe na makapu ya maembe.

Mabadiliko ya sera za nje nayo yanasomeka humu kwa uwazi ambao hotuba hazina. Mwaka 2024 dunia ilitumia dola bilioni 2,718 kwa majeshi, ongezeko halisi la asilimia 9.4 kwa mwaka mmoja, ambalo SIPRI inalihesabu kuwa kubwa kuliko yote tangu angalau mwisho wa Vita Baridi. Nenda kwenye mstari wa Ujerumani. Februari 2022, siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Kansela Olaf Scholz alitangaza mfuko maalumu wa yuro bilioni 100. Kwa muda mrefu baada ya hapo wakosoaji walisema kwamba fedha hizo zilikuwa maneno matupu, na jedwali linaonyesha kwamba zilichelewa kweli kuonekana, hadi mwaka 2024 matumizi yaliporuka kwa asilimia 28 na kufika dola bilioni 88.5, yakaiweka Ujerumani nafasi ya nne duniani. Machi 2025 bunge la nchi hiyo lilibadilisha katiba ili matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia 1 ya pato la taifa yasibanwe tena na kanuni ya ukomo wa madeni. Athari ya uamuzi huo itafika katika jedwali taratibu, na ucheleweshaji huo ndio unaonifundisha kutolichukulia tangazo kama matumizi.

Jambo moja ambalo jedwali halionyeshi ni fedha zilitoka mfuko gani. Uingereza ilipotangaza Februari 2025 kwamba matumizi yake ya ulinzi yatafikia asilimia 2.5 ya pato la taifa ifikapo 2027, ililipia ahadi hiyo kwa kupunguza misaada ya maendeleo kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato la taifa, na waziri wake wa maendeleo, Anneliese Dodds, akajiuzulu. Katika faili la SIPRI utaona upande mmoja tu wa mizani hiyo. Siilaumu, kwa maana si kazi yake, lakini anayeandika kuhusu mjadala huo kwa faili hili peke yake atakuwa ameandika nusu ya habari.

Lawama yangu kubwa naielekeza kwenye ukurasa unaopendwa kuliko yote, ule wa asilimia ya pato la taifa. Mwaka 2014 wanachama watatu tu wa NATO walikuwa wamefikia asilimia 2: Marekani, Uingereza na Ugiriki. Ugiriki ilikuwa imetoka kupoteza takriban robo ya uchumi wake katika mgogoro wa madeni, na asilimia hubaki kubwa pale pato inayopimwa kwalo linaposinyaa. Ukraine nayo inaonyeshwa kutumia asilimia 34 ya pato lake mwaka 2024, mzigo ambao hakuna nchi nyingine iliyoubeba mwaka huo, na bado hesabu hiyo haina silaha ilizopewa, kwa sababu SIPRI huandika msaada wa kijeshi katika mstari wa aliyeutoa. Tanbihi inalisema hilo. Wanaochora grafu hawalisemi.

Dola nazo zina mtego wake. SIPRI hubadilisha sarafu kwa viwango vya soko, hivyo Urusi inaonekana na dola bilioni 149 kwa mwaka 2024. IISS, taasisi ya London inayochunguza masuala ya kijeshi, ikihesabu kwa uwezo wa kununua ndani ya nchi, iliiweka Urusi mwaka huohuo kwenye takriban bilioni 462, kwa kuwa mshahara wa askari na bei ya kombora hulipwa kwa rubo na si kwa dola. Ningependa SIPRI iongeze ukurasa wa namna hiyo, hata kama wote utakuwa wa buluu.

Pengo za takwimu zipo: Umoja wa Falme za Kiarabu, mnunuzi mkubwa wa silaha, una nukta mbili tangu baada ya 2014. Pia kila toleo jipya hurekebisha miaka ya nyuma, kwa hiyo ni kosa kuunganisha toleo la zamani na jipya katika mchoro mmoja.

Changamoto halisi ya chombo hiki bado inakuja. Katika mkutano wa The Hague wa Juni 2025, wanachama wa NATO walikubaliana kufikisha asilimia 5 ifikapo 2035, huku Uhispania ikisisitiza kwamba haihitaji kufika huko. Kati ya hizo, asilimia 3.5 ni za ulinzi wenyewe, na 1.5 zinaweza kwenda kwenye madaraja, bandari, usalama wa mitandao na mengine yanayohusiana na ulinzi kwa mbali au kwa karibu. Sehemu kubwa ya hiyo 1.5 haimo katika ufafanuzi wa SIPRI. Natarajia basi kuona mawaziri wakitamka tarakimu moja na jedwali likionyesha nyingine, kwa umbali unaozidi ule wa 23 na 18, na kila Aprili nitakuwa nalipakua faili ili nipime umbali huo.