Vichwa vya chewa Feri: bei nafuu, ila ujue saa na ujue mwezi

Ukiuliza mtaani kuhusu soko la samaki la Feri, hapa Dar es Salaam, mmoja atakuambia samaki kule ni bei ya bure, mwingine atakuambia utapigwa mchana kweupe. Wote wanasema kweli. Inategemea umefika saa ngapi na umefuata nini. Mimi napikia watu sita hapa Manzese, na samaki mzima kila wiki mfuko umekataa. Ninachofuata Feri ni vichwa.

Kuna wauzaji wanaokata chewa na kolekole vipande kwa wateja wa hoteli na migahawa. Mnofu ukishaondoka, kichwa kinabaki mezani na bei yake ni ya kuzungumza. Kichwa kimoja cha chewa mkubwa kinajaza sufuria. Nyama iko mashavuni na pale shingoni, kwa hiyo msimamie mkataji kwanza uone kisu chake kinapita wapi, ndipo mpatane. Kisha funua shavu uone matamvua. Yakiwa mekundu ya damu, chukua. Yakiwa ya kahawia na yanateleza, mwachie mwenyewe, hata akikubembeleza, "Dada chukua kwa buku tatu, nafunga."

Hiyo "nafunga" ndiyo ya kuiogopa. Alasiri bei zinaporomoka na kila mtu anajiona kaokota dodo chini ya mwarobaini. Jodari, nguru na vibua usiwaguse saa hizo kama hawakukaa kwenye barafu. Samaki wa jamii hiyo wakipigwa na joto, bakteria wanazalisha histamini kwenye nyama, na histamini haitoki hata ukaange mpaka wakauke kau. Mtu anakula, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha, halafu anasema ana aleji ya samaki. Kumbe samaki alishinda juani! Changu, tasi na chewa hawana sana shida hiyo. Wao wakiharibika, pua yako itakuambia.

Vibua ni wa asubuhi, tena mnadani. Pale wanauza kwa ndoo, na ndoo nzima kwa mtu asiye na friji ni mzigo, kwa hiyo mimi, Mama Rama na dada wa saluni tunachanga, tunagawana pembeni, kila mmoja na mfuko wake. Bei tunayopata haifanani kabisa na ya mafungu. Na hayo mafungu, kwa taarifa yako, yanapangwa wanaong'aa juu na waliopasuka matumbo chini. Omba ugeuziwe. Akinuna, songa meza ya pili.

Halafu angalia mwezi. Vibua na dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali samaki hawakusanyiki kwenye mwanga, vyombo vingi vinapumzika, bei inapaa. Nenda wakati wa giza. Hili wauzaji hawakuambii, wavuvi ndio wanakuambia.

Vijana wa kuparua wana kasi na bei yao haiumi, ila wasimamie. Mayai ya samaki wanayatupa na matumbo usipowawahi. Sakafu ni maji matupu, vaa viatu vya kuoshwa.

Nyumbani kichwa kinapikwa mara mbili. Kwanza supu: ndimu, chumvi, tangawizi, pilipili mbuzi nzima isipasuke, ndizi mbichi mbili tatu ndani. Wakishakunywa, nachambua nyama iliyoganda kwenye mifupa (kazi ya kukaa chini, na taa iwe nzuri, maana miiba haina utani), nachanganya na viazi vilivyobaki, kitunguu na giligilani, nakaanga katlesi za chai ya asubuhi. Mifupa inarudi jikoni na maji mapya, ukwaju na tui la pili. Huo ndio mchuzi wa wali kiporo, na watoto wangu wanaupenda kuliko supu yenyewe. Chicha la nazi linakwenda kwa kuku wa jirani, ambaye huwa hasahau kuleta yai. Magamba na matumbo nayafukia kwenye ndoo kuukuu za mchicha. Fukia chini kabisa. Paka wa huku Manzese hawana adabu.

Kwetu safari ni rahisi, basi moja la mwendokasi mpaka Kivukoni kisha unatembea. Ndoo iwe na mfuniko, abiria wenzako hawakukosea kitu. Lakini kama unakaa Chanika au Bunju na huna wa kuchanga naye, piga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi kabla hujatoka. Inawezekana kabisa dagaa wa gengeni kwako wakatoka nafuu kuliko kichwa cha Feri.