Yoga Shanzu msimu wa joto kali: mwalimu nyota tano, nyumba nyota tatu

Februari Mombasa si mwezi wa kumpandisha mtu juu ya paa saa tatu asubuhi akanyooshe viungo. Naanza na hilo kwa sababu ndivyo ratiba ya wenye nyumba tuliyoikodi kwa wikendi ya yoga ilivyosema, na picha walizotutumia zilivutia kweli: paa jeupe, mikeka ya rangi imepangwa safu, Bahari ya Hindi nyuma yake. Wenzangu wa Nairobi waliipenda papo hapo. Mimi mzaliwa wa Kisauni nilitafuta kivuli kwenye zile picha sikukiona.

Sisi ni chama cha wanawake cha miaka mingi, wengine wa hapa hapa, wengine wamehamia bara. Februari ilichaguliwa kwa kuwa ndipo likizo za wa Nairobi zilipopatikana, na bei za nyumba za pwani huwa zimeshashuka baada ya Krismasi na Mwaka Mpya. Kupanga nikaachiwa mimi. Ilikuja shilingi 18,000 kwa kila mtu, wikendi ndefu, ikiwemo nyumba ya Shanzu, mpishi na mwalimu wa yoga. Mwalimu tulimtafuta wenyewe badala ya kumchukua yule wa wenye nyumba, na katika maamuzi yote ya safari hii hilo ndilo lililotufaa zaidi.

Kuhusu joto lenyewe, maana ndilo linaloamua kila kitu. Februari na Machi hapa mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku ni nadra kushuka sana chini ya 24. Ukizisoma tu nyuzi hizo hazitakuogofya. Watu wa Lodwar na Garissa wanatuzidi. Kinachotuumiza ni unyevunyevu. Jasho humpoza mtu pale linapokauka juu ya ngozi, na hewa yetu ya kaskazi imeshajaa maji, kwa hiyo jasho linatiririka tu na mwili unabaki na joto lake. Mmoja wetu anahudhuria yoga ya chumba cha moto huko Nairobi, kile kinachopashwa hadi nyuzi 40, akaamini ameshajizatiti. Lakini kule akimaliza anatoka nje kwenye ubaridi. Hapa unaondoka mkekani unaingia kwenye joto lile lile, unakula nalo, unalala nalo. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea, na hakuna mgeni wa wikendi mwenye muda huo.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata arubuni niliwaambia wenye nyumba paa hatulitaki. Tunataka lile banda la makuti la bustanini, ambalo wao walilitaja kama mahali pa kulia chakula. Sababu nilizowapa zilikuwa mbili. Kwanza upepo: kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, na banda lile liko wazi upande huo, hakuna ukuta wala jengo la kuuzuia. Pili stara: paa linatazamana na roshani za majirani, na nusu ya wenzangu ni wanawake wa kujisitiri ambao wasingejinyoosha pale hata kwa pesa. Walibisha kidogo, wakakubali. Meza zikahamishiwa barazani.

Makuti ni kitu cha kusifiwa waziwazi. Saa nane mchana ukiingia chini yake unahisi tofauti, wakati chumba cha juu chenye dari ya zege kinaendelea kutoa joto mpaka usiku wa manane. Anayetafuta nyumba ya shughuli kama hii aulize makuti kabla ya kuuliza bwawa la kuogelea.

Sasa mwalimu. Ni mwanamke wa hapa hapa Mombasa, na jambo la kwanza alilofanya ni kuifumua ile ratiba yote. Kipindi cha kwanza akakiweka baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijachomoza, ambalo mwezi huo hutoka mida ya saa kumi na mbili na nusu. Wanaosali walikuwa wameshaamka, hakuna aliyeburutwa kitandani. Alitueleza pia kitu ambacho wengi hawakifikirii: alfajiri ndiyo saa ya joto la chini, lakini upepo huwa umelala na unyevu uko juu, kwa hiyo mtu asione hewa imetulia akajitutumua. Salamu za jua tulizifanya polepole sana, na zile pumzi za haraka za kusukuma tumbo, zinazopasha mwili, akaziacha kabisa. Badala yake alitufundisha sitali: unakunja ulimi kama mrija, unavuta hewa kwa mdomo, unatoa kwa pua. Wengine ulimi hautaki kukunjika, hao wakavuta hewa kupitia meno. Nilihisi ubaridi ule ukipita kooni, na hata leo nikikwama kwenye foleni ya daraja la Nyali ndani ya matatu naufanya.

Kipindi cha pili kilikuwa saa kumi na moja jioni, kaskazi ikiwa imeshakolea. Hiki kilikuwa cha kukaa na kulala chini zaidi, mikao ya muda mrefu, bila kusimama sana. Katikati ya hapo, saa nne mpaka saa kumi, hakuna ruhusa ya mazoezi yoyote. Yule mwenzetu wa chumba cha moto alitaka kuongeza kipindi cha adhuhuri. Mwalimu akamjibu kwa upole, “Dada yangu, hiyo saa hata punda wa Mji wa Kale hutafutiwa kivuli.” Mjadala ukaisha.

Nimpe sifa nyingine kwa mikeka. Wengi tulikuja na ile ya mpira, na kwa jasho la hapa viganja vinateleza mpaka mtu anaogopa kuinama. Alikuja na vikoi vya pamba, akatwambia tuvitandike juu ya mkeka, kisha akapita na kopo la maji akivirowesha ncha mbili, pale penye mikono na pale penye miguu. Kitambaa kikashika. Mimi na jirani yangu tuliweka mpira pembeni kabisa tukatumia mkeka wa ukili wa nyumbani na kikoi juu yake, na siku zote ulikuwa baridi mgongoni kuliko ile ya mpira.

Asubuhi moja, tukiwa tumesimama kwa mguu mmoja, dada mmoja wa kikundi alianza kuyumba, midomo imempauka. Mwalimu alimfikia kabla hajaanguka. Akamlaza, akaweka mto mkubwa wa baraza chini ya miguu yake, akachovya leso kwenye ndoo na kumfunga shingoni, nyingine mbili makwapani, na sisi tukaambiwa tupepee. Alipoweza kukaa akanyweshwa kidogo kidogo maji ya chumvi na sukari, ambayo yalikuwa tayari kwenye jagi tangu alfajiri: vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja ya maji safi. Baadaye ndipo akatukumbusha kwa nini siku ya kwanza alimuuliza kila mtu, faraghani, dawa anazotumia. Dada huyu anameza vidonge vya presha, vile vinavyomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, na dawa hizo humpunguzia mtu maji ambayo joto nalo linayadai. Alipona mapema, akamaliza safari akiwa amekaa kwenye kiti. Mwalimu alitwambia pia mpaka uko wapi: ukiona mtu aliyezidiwa na joto anababaika, maneno hayaeleweki, mwili unawaka, hapo hakuna habari ya jagi, ni kumpoza kwa maji huku gari linaelekea hospitali. Mwalimu asiyeuliza habari za dawa na ujauzito kabla ya kutandika mkeka, kwangu mimi Februari hafai.

Nyumba imepoteza nyota mbili kwa umeme na maji. Tuliahidiwa jenereta, na jenereta ilikuwepo, ila umeme ulipokatika usiku ikawasha taa na friji tu. Mapangaboi kimya, kiyoyozi kimya. Tukatoa magodoro tukalala barazani na vyandarua, na kuna waliofurahia, lakini mtu aliyelipia kiyoyozi ana haki ya kununa. Maji ya kuogea ni ya kisima, yana chumvi, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za ukanda huu. Hilo mwenyeji analijua, mgeni wa Nairobi halijui, na wenye nyumba walipaswa kulisema. Baada ya kutoa jasho mara mbili kwa siku, ukaoga chumvi juu ya chumvi, ngozi inawasha. Tulilazimika kuagiza mitungi ya lita 20 ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa gharama yetu, ya kujisuuza na ya kunywa.

Mpishi sina neno baya juu yake. Mama huyu alielewa mambo bila kuelekezwa: mahamri na mbaazi za nazi baada ya kipindi cha asubuhi, mchana chakula chepesi, samaki wa kuchoma na kachumbari, tikiti kwa wingi, juisi ya ukwaju isiyozidi sukari. Wali wa nazi na samaki wa kupaka akauweka usiku. Madafu tuliletewa na mkwezi wa mtaani kila siku. Madafu yana potasiamu nyingi lakini chumvi kidogo, kwa hiyo yasichukue nafasi ya lile jagi.

Bahari ipangeni kwa mwezi. Tulikuwa kwenye bamvua, zile siku za mwezi mpevu au mwandamo ambapo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, na kipindi hicho Mombasa maji hujaa alasiri, mida ya saa kumi, na saa nne asubuhi yamekupwa mpaka karibu na mwamba. Wageni wanaotoka asubuhi kwa hamu wanakuta mchanga unaochoma na miamba mitupu, ndiyo wanaanza kulaumu ufuo. Sisi tuliogelea alasiri, tukatoka moja kwa moja tukaingia mkekani.

Swali la dini liliulizwa mapema, na nafurahi liliulizwa. Baadhi ya wenzetu hawakutaka nyimbo wala maneno ya Kihindi wasiyoyajua maana. Mwalimu aliyaondoa yote bila kununa, tukabaki na pumzi na ukimya, na adhana ilipolia magharibi tulisimamisha mazoezi. Atakayepanga aangalie na kalenda ya Kiislamu: Ramadhani ya 2026 iliangukia Februari na Machi, na kumfanyisha mtu aliyefunga mazoezi katika joto hili bila tone la maji ni kumtafutia maradhi.

Mwalimu tumeshampa arubuni ya Januari ijayo. Nyumba bado natafuta. Nataka banda la makuti linalotazama kaskazini-mashariki, maji ya bomba au tangi la maji baridi, na jenereta inayozungusha mapangaboi usiku kucha. Safari hii nitakwenda nikaiwashe mwenyewe kabla ya kulipa.