Sello ya kiwandani kwenye ukavu wa Lubumbashi

Seti zinazopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, karibu zote ni zile zile: sello ya kiwandani kutoka China (ala kubwa ya nyuzi nne, jamaa ya fidla, inayopigwa umekaa), arshe yake, yaani upinde wa kupigia, kipande cha kolofani, utomvu mkavu wa kupaka arshe, na mfuko mwembamba wa kitambaa. Muuzaji atakuambia iko tayari kupigwa. Haiko. Ila ikitengenezwa vizuri, kijana anaweza kujifunzia miaka minne au mitano bila aibu.

Kabla ya kulipa, itikise polepole. Ukisikia kitu kinagongagonga tumboni, roho imeanguka. Roho ni kile kijiti cha mviringo, unene wa milimita 11 hivi, kinachosimama ndani bila gundi, kimebanwa tu kati ya uso na mgongo. Asikubembeleze mtu kukaza nyuzi "tusikie sauti kwanza": bila roho, daraja, kile kijibao kinachoinua nyuzi, linausukuma uso peke yake na ubao unaweza kupasuka. Kuisimamisha tena kunataka chuma chenye umbo la S na subira. Mahali pake ni nyuma ya mguu wa daraja, upande wa uzi wa la, ule mwembamba kuliko zote (kuanzia huo nyuzi ni la, re, sol na do, ulio mnene), umbali wa kama milimita 5.

Chungulia pia ukingo wa tundu lenye umbo la f. Mistari ya mti ikishuka moja kwa moja mpaka ndani, ni mbao kamili. Ukiona tabaka juu ya tabaka, ni triplex, mbao nyembamba zilizogundishwa pamoja. Walimu huidharau triplex, na kweli sauti yake imefumbwa kidogo. Lakini kwa mji huu, kwa mwanafunzi wa miaka miwili ya mwanzo, tungeichagua hiyo hiyo. Mwezi wa nane na wa tisa, ukavu ukizidi, haipasuki ovyo.

Kazi kubwa iko kwenye daraja. Kiwandani huliacha refu makusudi, fundi alikate mwenyewe, na huku linauzwa hivyo hivyo. Matokeo: mtoto anabonyeza mpaka kidole gumba kinauma, halafu watu wanasema hana kipaji. Pima mwisho wa ubao wa vidole: uzi wa la uwe juu ya ubao kwa milimita 5 hivi, wa do karibu 8. Ukitaka uzi ushuke milimita 2 hapo, kwenye daraja unaondoa karibu 2.5. Kata upande wa juu tu, ufuate mviringo uliouchora kwanza kwenye karatasi ngumu. Ukilisawazisha likawa bapa, arshe itagusa nyuzi mbili kwa pamoja. Kifereji cha uzi kisizidi nusu ya unene wake, na ukipake risasi ya penseli ili uzi uteleze. Miguu isimame sambamba na vikato vidogo vya ndani vya matundu ya f. Kila unapokaza nyuzi, kichwa cha daraja kinavutwa kuelekea shingo. Lirudishe kwa mikono miwili kabla halijapinda; likishapinda halinyooki.

Halafu kiangazi. Mti ukikauka unasinyaa: vigingi vya kukazia nyuzi vinateleza na nyuzi zinalegea usiku, uso unashuka, uzi unaanza kulia zzz juu ya ubao. Mvua zikirudi, vigingi vile vile vinakwama. Kinachoteleza kipake chaki ya shule, kinachokwama kipake sabuni kavu, na unapozungusha sukuma kwa ndani. Unyevu wa hewa ya mfukoni ubaki kati ya asilimia 40 na 60. Kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, chenye sponji iliyokamuliwa vizuri, kikiwekwa humo mfukoni kinatosha, bora kisidondoshe maji. Usiku wa baridi wa mwezi wa sita, sello isilale chumba kimoja na mbabula, jiko la makaa.

Gonga ukingo wote kwa kifundo cha kidole. Panapotoa mlio wa kitu kilichoachana, gundi imefunguka. Hiyo si hasara: gundi ya ngozi hufunguka ili mbao isipasuke. Hasara ni seremala anayepaka kole nyeupe, gundi yake ya mbao isiyofunguka, maana siku ya kuufungua uso tena utatoka na vipande.

Nyuzi za seti zitupe. Nyuzi za Prelude za kampuni ya D'Addario zinamtosha anayeanza. Sello ikishatengemaa, wengi huweka nyuzi za aina ya Larsen kwa la na re, za Spirocore kwa sol na do, ila seti hiyo inaweza kufika nusu ya bei ya sello nzima. Kinshasa, Orkestra ya Kimbanguiste iliyoanza mwaka 1994 iliwahi kutumia waya wa breki za baiskeli badala ya uzi. Heshima kwao, lakini usiige, ubao wa vidole utachimbika. Badilisha uzi mmoja mmoja. Ukizitoa zote nne, roho inaweza kulala chini.

Arshe ya seti mara nyingi imepinda. Ile ya nyuzi za kaboni ni nunuzi zuri kuliko zote katika habari hii.

Itafika wapi? Preludi, kipande cha kwanza cha Suite ya kwanza ya Bach ya sello, kwa sol kubwa (sol majeur), inakwenda vizuri, kwa kuwa nyuzi tupu, zisizobonyezwa, zinasaidia. Harusini chini ya hema, mbele ya kinanda na besi, haisikiki bila maikrofoni ya kubandika. Mkono ukipanda hadi kidole gumba kinapolala juu ya uzi, kama katika konserto ya Elgar, sauti inakonda, na karibu na fa utakutana na noti inayotetemeka na kukwaruza. Kizito kidogo cha shaba kwenye uzi wa sol, chini ya daraja, kinaituliza kwa kiasi.

Hapo ndipo mpiga sello kijana anatakiwa kuanza kutafuta wa kumwazima, si wa kumuuzia. Mwingereza Sheku Kanneh-Mason, aliyeshinda shindano la BBC Young Musician mwaka 2016, anapigia sello ya mwaka 1700 ya fundi Matteo Goffriller wa Venisi, na hiyo ni ya kuazimwa. Ya kiwandani haitauzika kwa bei uliyoinunulia. Mpe anayeanza, pamoja na kile kisanduku cha sabuni.