Kusaka Salmonella: kingamwili ya polikloni au ya monokloni?

Kwa maabara ya Kisumu inayopima kuku na maziwa, polikloni, mchanganyiko wa kingamwili (protini zinazonasa vijidudu) utokao kwenye damu ya sungura au mbuzi, huvutia kwa bei. Hushika sehemu nyingi za bakteria, hivyo aina chache za Salmonella huiponyoka. Ila hung'ang'ania hata Citrobacter, bakteria mwingine anayefanana na Salmonella, na kila toleo jipya lazima kiwango cha kuzimulia kipimwe upya.

Monokloni, kingamwili ya aina moja tu, haibadilikibadiliki, lakini hushika sehemu moja tu: ikilenga O:4 (alama ya juu ya bakteria), aina ya Salmonella iitwayo Enteritidis, yenye alama O:9, hupita kimya. Soma karatasi yake ya maelezo kabla ya kulipa!

Zote zigawe maikrolita 20 kwa kichupa, nyuzi -20. Stima ikipotea mara kwa mara, kuganda na kuyeyuka huziua.

Unachuja sampuli nyingi kisha unaotesha bakteria kuthibitisha? Polikloni yatosha. Unafuatilia aina moja kwa miaka? Lipia monokloni.