Boxer ya zamani inakwenda ukaguzi: spea zipi zinunuliwe kwanza

Habari zenu wadau, karibuni. Leo mezani nina spea ambazo mwenye pikipiki ya Boxer ya siku nyingi hapa Dar huzikimbilia Kariakoo ukaguzi wa trafiki ukikaribia: brekshuu za nyuma, globu, seti ya cheni na tairi. Tutaangalia kipi kinastahili hela yako na kipi ukiache dukani. Ila kava la siti na rangi ya tangi naomba viwe vya mwisho. Mkaguzi atakanyaga breki, atawasha taa, atatikisa usukani. Hela ianzie hapo.

Tuanze na brekshuu. Nazisogeza kwenye kamera muone. Hii ya bei ya chini, lainingi yake, yaani ile sehemu inayosuguana ikifunga breki, imebandikwa vibaya, pembeni ukucha unaingia kati ya lainingi na chuma. Ikipata joto kwenye mteremko inaweza kubanduka na kujikunja ndani, gurudumu likakaba ukiwa na abiria nyuma. Hapana, hii siipendekezi kwa bei yoyote. Hii nyingine imeshika mzunguko mzima na haina mwanya. Nunua ya namna hii, na spring zake mbili ziwe mpya.

Lakini brekshuu mpya kwenye ngoma iliyoliwa, yaani lile duara la gurudumu ambamo brekshuu hukaa, hazikusaidii. Ngoma ikishatanuka, brekshuu inagusa katikati tu, unakanyaga na pikipiki haisimami. Ndani ya ngoma kuna maandishi ya MAX na namba. Ya milimita 130 kwa kawaida mwisho wake ni 131. Ikizidi hapo, badilisha. Kama bado ipo ndani ya kipimo, ikwangue kidogo kwa msasa namba 100 kuondoa ule mng'ao, ufute vumbi kwa kitambaa chenye maji. Usilipulize kwa upepo, vumbi la breki halifai kuvutwa. Kemu, kile chuma kinachogeuka kutanua brekshuu, ipake grisi inayostahimili joto kiasi cha punje ya mchele, si zaidi, maana ikizidi inayeyuka na kuishia kwenye lainingi.

Hapa nasisitiza sana. Wapo mafundi ambao brekshuu zikiisha wanachomoa ule mkono wa breki wa nje na kuurudisha kwenye meno mengine, ili nati ya kukazia ipate nafasi tena. Breki itaonekana imerudi. Ukweli ni kwamba kemu sasa inageuka kupita kiasi, na siku lainingi ikipungua kidogo tu inapinduka na kufunga gurudumu. Namna ya kukagua ni rahisi: kanyaga breki mpaka mwisho, utazame pembe kati ya mkono na ile fimbo inayotoka kwenye pedeli. Ikizidi digrii 90, fungua gurudumu. Na nati ya fimbo inayozuia bamba la breki lisizunguke lazima iwe na pini yake.

Sasa cheni. Size ni 428. Vuta cheni kwa kidole pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ukiona nusu ya jino, seti nzima imekwisha. Cheni mpya juu ya sproketi za zamani inaliwa haraka, kwa hiyo hiyo cheni ya peke yake waachie. Ulegevu uwe milimita 25 hadi 30, upimwe katikati ya upande wa chini, na alama za kulia na kushoto kwenye mkono wa nyuma unaoshika gurudumu zilingane. Klipu ya kiungo upande wake uliofungwa uelekee kule cheni inakokwenda.

Jambo ambalo watu wengi hulikosea ni mpangilio. Ukivuta gurudumu nyuma kukaza cheni, breki ya nyuma nayo inabadilika. Kwa hiyo kaza cheni kwanza, halafu rekebisha breki ili pedeli icheze kama milimita 20 hadi 30, halafu ndiyo swichi ya taa ya breki. Ukianza na swichi, taa itawaka muda wote au haitawaka kabisa. Iwake kabla brekshuu haijagusa, na lever ya mbele nayo iwashe taa hiyohiyo.

Globu sasa. Hizi za LED zinazouzwa kama mbadala wa taa kubwa, kwa Boxer ya zamani mimi naziacha. Taa kubwa ya pikipiki hizi inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili ya injini, kwa hiyo LED ya kawaida inamemeta, na mwanga wake unatawanyika badala ya kulenga barabara. Chukua globu ya kawaida ya wati 35/35. Nyuma ni wati 21/5. Indiketa nazo zikiwekewa LED huwaka kwa pupa, kwa sababu flasha, kile kifaa kinachoziwasha na kuzizima, inategemea mzigo wa globu za kawaida. Ikiwa globu mpya bado ni hafifu, kwangua kutu kwenye waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi, kabla hujanunua nyingine. Pikipiki inayolala Kigamboni karibu na bahari huliwa hapo mapema.

Tairi, nyuma ni 3.00-17. Soma namba nne za mwisho za tarehe ya kutengenezwa zilizoandikwa ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Iliyokaa dukani miaka mingi, hata ikiwa na kashata zote, yaani meno ya tairi hayajaisha, angalia nyufa za pembeni.

Usukani hauhitaji kununua kitu mpaka uupime. Stendi ya kati, gurudumu la mbele liwe juu, shika miguu ya shokapu, sukuma na kuvuta. Ikigonga, kaza nati ya usukani. Kisha geuza taratibu. Ukihisi inanasa pale katikati, vikombe vya beringi ya usukani vimechimbika. Badilisha vikombe pamoja na gololi zake.

Mwisho, safisha sehemu yenye namba ya chesisi kwa mafuta ya taa na kitambaa, usitumie msasa wala rangi, na uilinganishe na kadi ya pikipiki herufi kwa herufi.