Kuboresha breki za gari la kila siku: kipi kinafaa kwenye kifurushi na kipi ni pambo

Vifurushi vya kuboresha breki za magari ya kawaida hufanana: diski zenye matobo na mifereji, pedi za seramiki, chupa ya mafuta ya breki, na pengine mipira ya kupitisha mafuta ya breki iliyosukwa kwa nyuzi za chuma. Vipande hivi havina thamani sawa, kwa hiyo tunavipima kimoja kimoja, kwa gari la kwendea kazini na si la mashindano.

Kabla ya kununua chochote, jua hili. Gari likikanyagwa breki ya ghafla na ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga) ikaingia, breki zimeshafika mwisho wa mshiko wa tairi. Diski kubwa hazitalisimamisha mapema zaidi. Matairi bora yatalisimamisha. Breki zilizoboreshwa hukupa uvumilivu wa joto kwenye mteremko mrefu au gari likiwa na mzigo, na pedali inayotii mguu.

Pedi ndizo zinazobadilisha gari kuliko vyote. Seramiki huacha vumbi kidogo, hazipigi kelele, na hazili diski haraka. Zile za nusu metali huvumilia joto zaidi, lakini huchafua rimu na hula diski. Kwa mjini tunachagua seramiki. Kwa anayebeba mzigo au kuvuta tela, nusu metali. Pedi za mashindano ziache kabisa: zinahitaji joto ndipo zishike, na asubuhi kwenye kona ya kwanza hazina joto hilo. Pedi nyingi zina herufi mbili pembeni, kama FF au GG. Ya kwanza ni mshiko zikiwa na joto la kawaida, ya pili zikiwa moto sana. F ni kipimo cha msuguano kati ya 0.35 na 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Herufi ya pili ikiwa ya daraja la chini kuliko ya kwanza, mfano FE, pedi hulegea zikipata moto. Alama ya R90, kanuni ya Umoja wa Mataifa kuhusu pedi za kubadilishia, nayo itafute, maana inathibitisha kwamba mshiko hautofautiani na wa pedi za kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15.

Diski za matobo ndizo pambo la kifurushi. Matobo yalikuwa na kazi enzi za pedi zilizotoa gesi nyingi zikichemka. Pedi za leo hazina tatizo hilo sana. Yanapunguza chuma cha kumeza joto, na nyufa huanzia kwenye kingo zake. Mifereji ina nafuu, ingawa huvuma ukikanyaga breki na hula pedi. Diski nzima yenye uwazi wa hewa katikati, ya mtengenezaji mzuri, inatosha. Ukitaka diski kubwa zaidi, hakikisha kwanza rimu zako zina nafasi ya kutosha kwa kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Pia ukiongeza nguvu ya mbele peke yake, unavuruga mgawanyo wa mbele na nyuma uliopangwa kiwandani.

Mipira ya chuma? Kama ya zamani imechakaa na inavimba, utaona tofauti, lakini hata mipira mipya ya kawaida ingekupa sehemu kubwa yake.

Mafuta ya breki ndiyo kipande kinachodharauliwa. Hunyonya unyevu, na unyevu hushusha joto la kuchemka. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanwa, na pedali hushuka hadi chini. Mafuta hupangwa kwa madaraja ya DOT: kiwango cha chini cha DOT 3 ni nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa mapya na 140 yakiwa na unyevu; DOT 4 ni 230 na 155. ATE TYP 200, ambayo ni DOT 4, hufika 280 na 198, na hiyo inazidi mahitaji ya gari la kila siku. Lita moja kwa kawaida inatosha kubadilisha mfumo mzima. Rudia kila baada ya miaka 2. DOT 5 ni ya silikoni. Usiichanganye na hizi.

Kazi mbovu huharibu vipande vizuri. Kutu kwenye habu, kitovu ambacho diski hukaa juu yake, ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ya "diski imepinda": diski inakaa mshazari kidogo, inagusa pedi mahali pamoja, na baada ya muda usukani unatetemeka. Sugua habu kwa brashi ya chuma hadi ing'ae. Pini za kalipa zipake grisi ya silikoni, kwa kuwa ya petroli huvimbisha raba. Unaporudisha pistoni ndani ya kalipa, tazama chupa ya mafuta isifurike; mafuta haya hubabua rangi ya gari. Pistoni nyingi za nyuma zenye handbreki huzungushwa, hazisukumwi. Handbreki ikiwa ya umeme, iweke kwanza kwenye hali ya matengenezo. Nati zikazwe kwa spana ya torki, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Pampu pedali mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja.

Kisha zoesha pedi. Kwenye barabara tupu, punguza kasi kutoka kilomita 60 hadi 10 kwa saa, mara 8 hadi 10, kwa mkanyago wa wastani, bila kusimama kabisa. Endesha dakika kadhaa bila kugusa breki ili zipoe. Ukisimama na mguu kwenye pedali zikiwa moto, pedi huacha alama yake kwenye diski na mtetemo huanzia hapo. Harufu ya kuungua kidogo ni kawaida. Lakini gurudumu moja likiwa moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, kuna kalipa iliyokwama. Ifungue kabla haijamaliza pedi mpya.