Pete za risasi kwenye vichwa vya betri ya IST: uzoefu wangu

Kama gari lako linagoma asubuhi, halafu ukitikisa waya wa betri linawaka, soma hii kabla hujaenda kununua stata. Nimetumia pete za risasi (ile metali laini) za kuvika kwenye vichwa vya betri tangu kabla ya masika, na naweza kuzisemea bila wasiwasi.

Shida ya Toyota IST yangu ilianza nilipobadilisha betri. Nikizungusha ufunguo nasikia tik-tik-tik tu, taa za dashibodi zinafifia. Siku nyingine linawaka vizuri, lakini nikipita kwenye matuta redio inazima na saa inaanza upya. Fundi mmoja aliniambia stata imechoka, mwingine akailaumu alternata, ile inayochaji betri. Hakuna aliyefungua boneti akashika kwa mkono terminali, kile chuma cha mwisho wa waya kinachobana kichwa cha betri. Ningewaonyesha: ya upande wa hasi ilikuwa inacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, na nati yake imekazwa mpaka mwisho.

Chanzo chake ni hiki. Betri za magari haya ya Kijapani zina vichwa vya aina mbili. Vile vyembamba, cha chanya kina kipenyo cha kama milimita 14 au 15 na cha hasi kama 13. Vile vinene, chanya ni kama 19 na hasi kama 17 au 18. Angalia maandishi juu ya betri: 46B24L ina vichwa vyembamba, 46B24LS ina vinene. Hiyo S ya mwisho ndiyo inayotofautisha, na wauzaji wengi hawakuulizi. Aliyekuwa na gari kabla yangu alishakata terminali za kiwandani akafunga za sokoni, za vichwa vinene. Betri mpya ikaja na vyembamba. Ukikaza, mdomo wa terminali unafumba, pande mbili zinagusana, lakini kichwa bado kina nafasi ndani. Hapo ukiendelea kukaza utaipasua tu.

Dawa ya mtaani tunaijua: msumari, kipande cha bati la kopo, au nyuzi za waya wa shaba. Gari linawaka, unamlipa fundi, unaondoka. Mimi siikubali tena. Stata inavuta zaidi ya ampea 100, na msumari unagusa sehemu ndogo mno. Pale panapata moto na ule unga mweupe na wa kijani unaota haraka. Kibaya zaidi, betri ikiachia injini ikiwa inanguruma, umeme wa alternata unaruka juu ghafla na unaweza kuunguza dayodi zake, hata kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Kontroli boksi si kitu cha kuchezea kwa ajili ya msumari.

Pete zenyewe ni koni ndogo za risasi zenye mpasuko upande mmoja. Nilizinunua pea kwa shilingi 5,000. Ya chanya tundu lake ni kubwa kuliko ya hasi, na zangu zina alama ya + na −, kwa hiyo usizichanganye. Uzuri wake ni kwamba risasi ni laini na ndiyo ileile iliyotengenezea vichwa vya betri. Ukikaza terminali inabanwa na kujaza nafasi yote kuzunguka kichwa.

Kufunga hakuhitaji zaidi ya spana namba 10, msasa na kitambaa. Zima gari, toa hasi kwanza, kisha chanya. Kama kuna unga, osha kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, kausha, halafu piga msasa kichwa na ndani ya terminali mpaka ving'ae. Vika pete, shusha terminali mpaka chini kwa mkono, usiigonge kwa nyundo kwani utalegeza kichwa ndani ya betri. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Paka grisi juu yake baada ya kukaza, si kabla. Na nawa mikono vizuri kwa sabuni, risasi ni sumu.

Nilipima kwa mita, waya mmoja juu ya kichwa cha betri, mwingine kwenye terminali, ndugu yangu akipiga stata. Kabla ya pete ilikuwa inapita volti 1. Baada ya pete haifiki 0.1. Tangu hapo gari linashika kwa mara ya kwanza na saa haijapotea tena.

Nina malalamiko mawili. Ukikaza kwa hasira pete inachanika, na ukishaitoa haikai tena vizuri, kwa hiyo nunua pea ya akiba. Pia hazisaidii kama terminali yenyewe imepasuka au waya umeoza ndani ya plastiki, hapo badilisha. Kagua na kibano kinachoshika betri, maana betri inayorukaruka italegeza chochote utakachofunga.

Wenye terminali za kiwandani ambazo hazijaguswa hawazihitaji kabisa. Wao wanunue betri isiyo na S. Kwa sisi tuliokuta waya zimeshakatwa, nazipa nyota nne kati ya tano.